Maswali ya wasomaji: linki za kwenye maoni zinasaidia nini?

Naongoza watalii Fort Portal. Kila siku naacha maoni kwenye blogu za safari na kuweka linki ya tovuti yangu, lakini Google haijanipandisha hata kidogo. Nakosea wapi?

Ndugu yangu, mlango huo ulifungwa zamani. Mwaka 2005 Google na wenzake walileta alama ya nofollow, na kazi yake ni kuiambia injini ya utafutaji isiihesabu linki kama kura ya kuipandisha tovuti. WordPress, mfumo unaoendesha blogu nyingi, huibandika yenyewe kwenye linki za maoni. Tangu 2019 Google inaichukulia kama dokezo tu, si amri, lakini usijengee biashara juu ya dokezo.

Faida iliyobaki ni watu. Mtu ameandika kuhusu sokwe wa msitu wa Kibale akasahau kueleza njia? Mwambie kwamba kutoka Kampala kupitia Mubende hadi Fort Portal ni kama kilomita 300, kwamba matembezi ya kuwaona sokwe huanzia Kanyanchu, na kwamba Aprili aje na viatu vya matope. Linki usiiweke ndani ya maneno yako. Kile kisanduku cha tovuti chini ya jina kinatosha, na aliyependa jibu lako atakibonyeza. Kuandika “makala nzuri, karibu kwetu” ni sawa na kuingia kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, ya watu ukaanza kugawa kadi za biashara.

Kijana mmoja hapa Kampala ananiuzia linki 500 za maoni kwa shilingi laki moja. Ninunue?

Hapana. Google ilianza kuzibana tovuti zenye linki za namna hiyo Aprili 2012, kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin. Siku hizi mara nyingi huzipuuza tu, maana yake laki yako imekwenda bure. Ukiwa na bahati mbaya, adhabu juu.

Kwenye sehemu ya jina niandike jina langu au “Safari Bora Uganda”?

Jina lako. Nani atamjibu mtu anayeitwa Safari Bora?

Mimi ni mama wa Mbale, nauza kahawa ya Mlima Elgon. Kuna mwandishi wa kahawa ninayemfuata, na huwa ananijibu vizuri. Nimwombe sasa aniwekee linki?

Mama, subiri kidogo, au tuseme usiombe kabisa, mpe kitu. Waandishi wengi wa nje wanajua kahawa ya Uganda ni aina ya robusta, na kweli sehemu kubwa ya kahawa yetu ni robusta, ila huko kwenu mlimani mnalima aina nyingine, arabika. Akichanganya, msahihishe kwa upole kwenye maoni, si kwa kumuumbua. Kisha mwandikie barua pepe fupi: una picha za wakulima wako wakimenya na kukausha, wenyewe wamekubali zitumike, naye anaweza kuzitumia bure akitaja zilikotoka. Linki inayokuja kwa njia hiyo inakaa ndani ya makala yenyewe, kaiweka mwandishi kwa hiari yake. Hiyo ndiyo Google huipa uzito, na ndiyo wasomaji wake wataifuata hadi dukani kwako. Asipojibu, usimsumbue. Endelea kusoma na kuchangia. Waandishi hukumbuka majina.

Tovuti yangu mwenyewe imejaa maoni ya kamari na dawa za nguvu za kiume. Niyafunge yote?

Usifunge. Kwenye mipangilio ya WordPress, chagua maoni yasubiri idhini yako, kisha washa Akismet, programu ya kuzuia maoni taka, ichuje takataka. Maoni ya makala za zamani unaweza kuyafunga baada ya siku kadhaa. Wale wachache waliouliza jambo la maana, wajibu siku hiyohiyo. Kuna wenye tovuti wanaozunguka kwa wengine kutafuta marafiki huku wageni wao nyumbani hawajajibiwa tangu mwaka jana.

Nichangie kwa Kiingereza au Kiswahili?

Fuata lugha ya makala. Kama ni ya Dar au Mombasa, andika Kiswahili, hata hiki chetu cha Kampala. Hakuna atakayekukata maksi.