Kompyuta inaishia kwenye initramfs kila asubuhi: je, nifute Linux nirudi Windows?

SWALI

Fundi, habari za Mbeya. Nina steshenari hapa Mafinga, kazi zangu ni kuchapa barua, mitihani ya shule na kutoa kopi. Mwaka jana Windows 10 ilipoishiwa msaada, kijana mmoja alinipigia Linux Mint 21.3 kwenye kompyuta yangu ya mezani ya mtumba, na kwa kweli ikawa nyepesi. Tatizo limeanza mvua zilipoanza. Kuna asubuhi nikiwasha inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe na neno initramfs, haiendelei. Siku nyingine inawaka vizuri, lakini saa ni ya jana au juzi, kusasisha programu kunakataa, na barua pepe inaniambia muunganisho si salama. Baada ya muda inapona yenyewe. Jioni huwa nazima kompyuta, kisha nazima swichi kuu ya duka. Tumeshapiga Linux upya na tatizo limerudi. Fundi mmoja anasema diski imekufa, mwingine anasema Linux si ya biashara. Nimekunakilia maandishi niliyoyaona. Halafu kidude cha waifai cha USB nilichonunua hakionekani kabisa, natumia bando la simu kwa waya. Nifanyeje?

JIBU

Za huku njema dada, ni mvua tu. Usifute kitu kwanza. Hiyo initramfs ni mfumo mdogo wa kuanzia, unaowaka kabla ya Linux yenyewe; mashine hukwama hapo ukaguzi wa diski ukishindwa. Umefanya la maana kunakili maandishi, maana karibu majibu yote yamo humo:

Superblock last write time (Tue Jan 20 15:38:21 2026, now = Tue Jan 1 00:01:47 2013) is in the future. FIXED.
/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY.

Mstari wa kwanza unasema diski iliandikwa mara ya mwisho tarehe 20 Januari 2026, lakini kompyuta yenyewe inaamini leo ni tarehe 1 Januari 2013. Hiyo 15:38 ni saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Ongeza saa 3 zetu, unapata saa 12 na dakika 38 jioni, yaani pale ulipokuwa unafunga duka. Mashine imezimwa 2026, imeamka 2013. Ukiona hivyo, mshukiwa wa kwanza ni betri ya CMOS, ile ya duara bapa inayokaa kwenye bodi ya ndani kutunza saa umeme usipokuwepo.

Sasa angalia tatizo hili linavyoendana na tabia ya duka lako. Kompyuta ya mezani ikizimwa lakini waya ukabaki kwenye soketi yenye umeme, kuna umeme kidogo unaoendelea kuingia, na saa hutembea kwa huo hata kama betri imekufa siku nyingi. Wewe unazima swichi kuu. Usiku mzima saa inategemea betri peke yake, na betri haina kitu. Ndiyo maana ukimpelekea fundi, akaichomeka kwake na kuiacha kwenye umeme, inaonekana nzima, anabaki kuisingizia Linux. Na ndiyo maana kupiga upya hakukusaidia.

Labda utauliza, mbona ikifanikiwa kuwaka saa inakuwa ya jana na si ya 2013? Mint ina huduma ndogo inayosawazisha saa kupitia intaneti, na huduma hiyo huweka kumbukumbu ya mara ya mwisho saa ilipokuwa sahihi. Ikikuta saa ya bodi iko nyuma ya kumbukumbu hiyo, inaisogeza mpaka hapo. Lakini ukaguzi wa diski unafanyika mapema zaidi, kabla huduma hiyo haijaamka, kwa hiyo wenyewe unaiona 2013 yako kavukavu. Ukiunganisha simu na intaneti ikafika, saa inarekebishwa, tovuti zinafunguka, wewe unasema imepona. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha; saa ikiwa nje ya tarehe hizo kivinjari kinagoma. Kusasisha nako kunakataa kwa sababu orodha ya programu imetolewa leo na mashine yako bado iko jana. Ujumbe wake huwa na maneno «is not valid yet» na unataja hata saa zilizobaki.

Kesho asubuhi ikiwaka, kabla hujachomeka simu, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

timedatectl

Tazama mstari wa RTC time, hiyo ndiyo saa ya bodi, kisha Local time. Ukikuta RTC iko 2013 na nyingine iko jana, kesi imekwisha.

Betri yenyewe ni CR2032 ya volti 3. Hapo Mafinga utaipata kwa mafundi saa au kwa wanaotengeneza rimoti za magari, si lazima duka la kompyuta. Mwenye mita aipime kabla hujalipa, maana hizi hukaa sana kwenye vioo vya maduka: nzima inasoma 3 au zaidi kidogo. Chomoa waya wa umeme, gusa sehemu ya chuma ya kasha, bana kile kishikizo cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha utazame juu. Ukimaliza ingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, kwa kubonyeza kitufe chake mara tu unapowasha (HP ni F10, Dell ni F2, nyingine Delete) uweke tarehe. Kwa kuwa una Linux peke yake, saa iweke ya UTC, yaani saa 3 nyuma ya yetu. Au weka yoyote iliyo karibu kisha uunganishe intaneti, mfumo utaiandika wenyewe.

Ukiwa humo humo BIOS angalia pia mpangilio wa kuwaka. Mashine nyingi za zamani betri ikifa hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani: mfumo uliowekwa kwa UEFI (njia mpya ya kuwakia) unajikuta mashine imerudi Legacy (njia ya zamani), au kinyume chake, na kompyuta inaandika kwamba hakuna diski ya kuwakia. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa ujumbe huo.

(Kwa wasomaji wenye Windows na Linux kwenye mashine moja, ambao kila wakitoka Linux saa ya Windows inarudi nyuma kwa saa 3 kamili: hiyo si betri. Windows inaisoma saa ya bodi kama saa ya hapa, Linux inaiandika kwa UTC. Andika sudo timedatectl set-local-rtc 1 ndani ya Linux, basi.)

Tukija kwenye mstari wa pili wa yale maandishi yako, huo ni tatizo jingine. Saa mbovu hutoa onyo na mfumo unalirekebisha wenyewe, ndiyo ile FIXED. UNEXPECTED INCONSISTENCY maana yake mpangilio wa faili kwenye diski umevurugika kweli, na hapo mkosaji mkubwa ni umeme. Mfumo wa faili wa ext4 unaotumia una daftari lake: kabla ya kubadili kitu huandika kwanza inachotaka kufanya, ili umeme ukikatika katikati, ukiwasha imalizie. Kukatika mara moja kwa kawaida hakukufikishi initramfs. Kukatika mara kwa mara ndiko kunakofikisha, hasa kwa diski za zamani zinazojibu «nimeshaandika» wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda.

Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili. La kwanza, ukibofya kuzima, unasubiri taa ya mbele izimike na feni inyamaze? Linux ikizima huweza kungoja huduma moja iliyokaidi hadi sekunde 90, na wakati huo skrini inaweza kuwa nyeusi kabisa. Mtu anadhani imezima, anashusha swichi kuu. Hiyo ni sawa na kukatika umeme kila jioni, kwa mkono wako. La pili, laini yako ya umeme unashirikiana na karakana ya mbao? Mji wenu ni wa mbao. Msumeno mkubwa ukianza kuzunguka volti hushuka kwa kitambo kidogo sana, taa inafifia tu, lakini kompyuta inaweza kujizima na kujiwasha. Stebilaiza husaidia volti zikicheza, ila umeme ukikatika nayo imekatika. Unachohitaji ni UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) yenye betri nzima, si ya mtumba iliyobaki mlio. Na tafadhali usichomeke printa ya leza wala mashine ya kopi kwenye UPS. Zinapopasha moto huvuta umeme mwingi mno kwa mpigo, UPS inazidiwa na kompyuta inaondoka nayo. UPS iwe ya kompyuta na monita tu.

Kurekebisha diski: kama kuna mitihani ya shule au barua za wateja ambazo hazipo kwingine, anza kwa kuwasha mashine kwa ile flashi ya Mint iliyotumika kuiweka, chagua kujaribu bila kuinstoli, nakili folda yako ya nyumbani kwenye diski ya nje. Nasisitiza hili kwa sababu amri inayofuata inakubali kila marekebisho bila kukuuliza, na faili chache zinaweza kuishia kwenye folda ya lost+found bila majina. Kisha washa kawaida, na initramfs ikitokea andika exit, ubonyeze Enter. Itarudia kosa na kutaja sehemu ya diski, kwako ni sda2. Amri ya kuikagua na kuirekebisha ni fsck. Andika:

fsck -y /dev/sda2

Iache hata kama ni dakika 20. Ikimaliza rudia amri ile ile, safari hii iseme clean bila kurekebisha kitu. Halafu reboot -f. Ikiwaka, kama umeme uliwahi kukatika katikati ya kusasisha, endesha pia sudo dpkg --configure -a ili imalizie programu zilizobaki nusu.

Je, yule fundi wa diski imekufa hana hoja? Anayo, ila alipaswa kupima. Sakinisha smartmontools (programu ya kupima afya ya diski), uandike sudo smartctl -A /dev/sda. Usihangaike na jedwali lote. Tafuta mistari ya namba 5, 197 na 198, usome tarakimu ya mwisho kabisa kulia. Zote zikiwa 0, diski yako iache ifanye kazi. Ile ya 197 ikiwa na namba na inapanda wiki hadi wiki, anza kutafuta nyingine, na ukipata uwezo chukua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kwa mashine ya umri huo utaona tofauti kubwa kuliko kuongeza kitu kingine chochote. Mstari wa 199 ukipanda huku hiyo mingine ni 0, badilisha kebo ya data kwanza. Ni kebo ya bei ndogo na inasingiziwa mara chache kuliko inavyostahili.

Jambo moja la kukuokoa siku kompyuta ikiganda mteja amesimama: usikimbilie kubonyeza kitufe cha kuzimia. Shika Alt pamoja na Print Screen, kisha, ukiwa umeshikilia, bonyeza S, subiri kidogo, U, subiri, B. S inasukuma data yote kwenye diski, U inafunga uandishi, B inawasha upya. Kibodi za laputopu nyingine zinataka na Fn.

Kuhusu kidude cha waifai. Kichomeke, andika lsusb kwenye terminali. Ukiona namba 0bda:1a2b, hicho ni cha Realtek na kimejitambulisha kama diski, kwa sababu ndani kimebeba programu yake ya Windows. Kitafute upande wa kushoto kwenye dirisha la faili, kionekane kama CD, ukibofye Eject. Mara nyingi baada ya sekunde chache kinageuka waifai. Kikigoma, au namba yake ni nyingine inayoanza na 0bda, tatizo linaweza kuwa umri wa kerneli yako, yaani kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa: Mint 21.3 kwa kawaida huja na 5.15, wakati vifaa vingi vya Realtek vya USB viliingizwa kuanzia 6.2. Fungua Update Manager, nenda View kisha Linux Kernels, uchague ya 6.8. Waya wa simu unatosha kuishusha, ila ni mzigo wa mamia ya MB, kwa hiyo ifanye ukiwa na bando la kutosha, na usiifanye mawingu yakiwa yameshuka na radi inapiga. Ya zamani haifutwi. Mpya ikikusumbua, ukiwasha mashine shikilia Shift au bonyeza Esc, chagua Advanced options, rudi kwenye 5.15.

Anza na betri, halafu fsck, halafu diski. Waifai iwe ya mwisho. Ukipata nafasi nitumie matokeo ya timedatectl ya asubuhi na zile namba za 5, 197, 198 na 199, nikuambie kama diski hiyo ni ya kubaki nayo.