Jibu: Je, Msikiti wa Bani Umayya wa Dameski ulikuwa kanisa?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli kwamba Msikiti Mkuu wa Dameski hapo awali ulikuwa kanisa. Kanisa lilikuwapo mahali hapo hapo, lakini msikiti wenyewe ulijengwa kama jengo jipya, na kiwanja chake kilikuwa kitakatifu kabla ya dini hizo mbili. Waaramu, watu wa kale wa Syria, walimwabudu hapo Hadadi, mungu wao wa radi na mvua; baadaye Warumi wakamjengea Jupita hekalu kubwa, ambalo sehemu ya kuta za ua wake ndizo zinazouzunguka msikiti hadi leo. Mwishoni mwa karne ya 4 mahali hapo pakawa kanisa la Yohana Mbatizaji. Waislamu walipouteka mji katika miaka ya 630 hawakulivunja kanisa hilo. Kwa takriban miaka 70 walisali katika sehemu ya kiwanja huku Wakristo wakiendelea na ibada zao, mpaka Khalifa al-Walid wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715, alipolibomoa na kujenga msikiti huu.

Kinachonigusa zaidi ni mlango wa kale uliozibwa katika ukuta wa kusini. Juu yake yangalipo maandishi ya Kigiriki, kutoka Zaburi ya 145, yanayotangaza kwamba ufalme wa Kristo ni wa milele. Ndani ya ukumbi wa sala limo kaburi lenye kuba, linaloaminiwa kuhifadhi kichwa cha Nabii Yahya, ndiye huyo Yohana Mbatizaji, na Papa Yohane Paulo wa Pili alifika hapo mwaka 2001.