Kabla ya kukagua chumba, pita uani

Swali la wiki hii lilitoka kwa msomaji anayehamia Dar es Salaam kikazi. Mfuko wake haumruhusu Mikocheni wala Masaki. Ameelekezwa Magomeni, kwamba vyumba ni vya bei nafuu na watu wa kila kabila wanaishi pamoja, na anauliza akague nini kabla hajatoa kodi ya miezi sita.

Ndugu muulizaji, dalali atakufungulia mlango wa chumba, atawasha taa, atakuonyesha siling bodi mpya na rangi ambayo bado inanukia, kisha ataanza kuuliza una hela ya miezi mingapi. Usimjibu kwanza. Mwambie mpite hadi uani.

Nyumba nyingi za Magomeni, kama za Ilala, Temeke na Kinondoni, ni zile tunazoziita nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mlango wa nyuma, halafu ua wenye jiko, stoo, bafu na choo. Mkataba utasema umepanga chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, lakini utaishi katika nyumba nzima. Wanaohama kodi haijaisha hawafukuzwi na chumba. Wanafukuzwa na luku (mita ya umeme wa kulipia kabla), choo, maji, au mwenye nyumba ambaye kumbe si mwenye nyumba.

Tuanze na choo, maana ndicho kinachosahaulika. Hesabu vichwa, usihesabu vyumba. Vyumba sita vyenye watu watatu watatu ni watu kumi na wanane. Kama bafu ni moja na kila mtu akikaa dakika tano tu, foleni ya asubuhi ni saa moja na nusu. Uliza wanaowahi kazini huoga saa ngapi, ujue utaingia wapi katika foleni hiyo. Kisha uliza shimo lilinyonywa lini, nani alilipa, na gari la kunyonya husimama wapi likija. Pale ambapo uchochoro ni mwembamba na mpira wa kunyonyea haufiki shimoni, hakuna kunyonya. Kinachofanyika ni kutapisha: mvua ikikolea usiku, shimo linatobolewa ubavuni na uchafu unaachiwa uende na maji ya mtaani. Zunguka nyuma ya choo utazame ukuta wa upande wa mfereji. Ukiona tundu lililozibwa kwa matambara au udongo mpya, umeshajibiwa.

Luku inahitaji hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Nyumba nyingi za aina hii zina luku moja kwa vyumba vyote. Mteja wa matumizi madogo, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti (kilowati moja kwa saa) mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kodi na tozo zikiingia inakuwa 122. Kundi la kawaida, T1, ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unafika 356 na senti. Ndiyo maana elfu kumi hutoa uniti 28. Nyumba ya vyumba sita ni vigumu kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo wote mnalipa bei ya T1, hata yule mwenye taa moja na chaji ya simu. Chumba chenye luku yake, kikiwa kwenye D1, uniti 75 ni kama shilingi 9,150. Uniti hizohizo kwenye luku ya pamoja ni 26,700. Basi chumba chenye luku yake, hata kodi yake ikiwa juu kwa shilingi elfu kumi kwa mwezi, huenda ndicho cha bei rahisi.

Kama luku ni ya pamoja, uliza mchango unagawanywaje. "Kila chumba elfu tano" inasikika kama haki, ila ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa uani. Feni ya wati 70 ikizunguka saa kumi kila usiku inakula uniti 21 kwa mwezi, karibu shilingi 7,500. Friji dogo linalokula uniti moja kwa siku ni 10,700. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano ni kama 4,300. Taa ya LED ya wati 9 kwa saa sita haifiki 600. Mwenye friji na mwenye taa wakitoa sawasawa, mmoja anamlipia mwenzake, na atakayenung'unika ni huyo anayelipia. Utaratibu unaodumu ni wa kila chumba kuchangia kwa vifaa vyake, au sabmita, yaani mita ndogo ya ndani, kwa kila chumba. Kwenye sabmita, piga picha namba zake siku ya kuingia na mkubaliane bei ya uniti. Anayenunua kwa 356 na kukuuzia kwa 500 anakugeuza mteja wa duka lake.

Kuna na kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia luku, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na mwezi usionunua umeme deni linakusubiri. Kwa hiyo chumba chenye luku yake kilichokaa tupu miezi minane kinaweza kumeza hela yako ya kwanza. Njia ya kujua ni rahisi: ukiwa bado na dalali, nunua umeme wa elfu mbili kwa namba ya mita hiyo, kisha soma ujumbe wa tokeni mstari kwa mstari. Utaona uniti, VAT, REA, EWURA, na makato mengine kama yapo. Ujumbe ukija na deni, mdaiwa ni mmiliki wa jengo, si wewe. Mwambie alitoe kwenye kodi ya chumba kabla hujalipa, kwa sababu baada ya kulipa hilo ni ombi tu.

Maji hayana mengi. Uniti moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ni lita 1,000, yaani madumu hamsini ya lita ishirini, na bili ya pamoja mara nyingi hugawanywa kwa vichwa, si kwa vyumba. Uliza maji hutoka siku zipi, tanki ni la nani, na funguo ya bomba anakaa nayo nani. Kisima kikiwepo, onja. Maji ya chumvi yanafaa kupigia deki, ila hayatoi povu la sabuni na chai haiyataki.

Sasa rudi chumbani. Kitanda cha tano kwa sita na kabati vinabana futi kumi kwa kumi, kwa hiyo pima kwa tepu. Chumba cha mbele kina hewa na vumbi la barabarani na kelele za barazani. Cha katikati dirisha lake hutazama ukuta wa jirani, kina giza na joto, na taa itawaka mchana. Cha nyuma kiko karibu na maji na karibu na harufu. Angalia juu: madoa ya kahawia yenye duara kwenye siling bodi ni bati linalovuja, hata kama rangi ni ya jana. Penye siling bodi iliyolegea, sukuma kipande kidogo utazame kama kuta zinafika kwenye bati. Katika nyumba nyingi za zamani haziendi mpaka juu, na anayetaka kuingia chumbani kwako anaweza kupitia kwa jirani bila kugusa kitasa. Chini, pitisha kiganja ukutani usawa wa goti. Rangi ikibanduka na unga mweupe ukibaki mkononi, unyevu unapanda kutoka ardhini na godoro lako litauonja.

Magomeni inapakana na bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zikinyesha, barabara hufungwa pale Jangwani na safari ya mabasi ya mwendokasi kwenda Kariakoo hukatika. Tofauti ya mtaa na mtaa ni kubwa. Upande wa Usalama na Mwembechai kando ya Barabara ya Morogoro, na upande unaoteremkia bondeni, si mahali pamoja, hata dalali akivitaja vyote kwa jina la Magomeni. Tazama vizingiti. Nyumba yenye tofali mbili zilizojengwa mlangoni ili mtu avuke kwa kuinua mguu haikufanya hivyo kwa urembo. Muulize Mangi, mwenye duka la pembeni, maji huwafika wapi masika, maana yeye hapati chochote ukipanga au usipopanga.

Hapa ningependa usome polepole, kwa sababu hela nyingi hupotelea hapa. Magomeni ina nyumba nyingi za urithi. Mzee alijenga, amefariki, watoto ni saba, na mmoja anayeishi pale ndiye anayepokea kodi. Unampa ya miezi sita, na mwezi wa pili anakuja kaka mtu anakuuliza umempa nani. Kosa si la wapangaji, wala si mara zote ni utapeli. Mara nyingi mirathi haijafunguliwa kabisa. Omba barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na jina la humo lilingane na kitambulisho cha anayesaini mkataba. Kama mmiliki yu hai, omba kuona hati, leseni ya makazi au hata bili yenye jina lake. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uulize nyumba namba fulani ni ya nani. Mwenyekiti au mtendaji kwa kawaida anajua mpaka ugomvi wa ndugu. Sainini mkataba hapohapo, mashahidi wawili, muhuri, nakala yako mkononi.

Hela ipite benki au kwenye simu, isipite mkononi. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisipokuwa jina la kwenye mkataba, simama. Usitoe hela ya kushikilia chumba bila maandishi, chumba kimoja kinaweza kushikiliwa na watu watatu. Dalali ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, na mpe baada ya kukabidhiwa funguo. Hela ya kuonyeshwa vyumba mkubaliane mapema kwamba inahusu nyumba zote za siku hiyo. Kwa mfano, chumba cha 100,000 kwa miezi sita kinataka 600,000 za kodi, 100,000 za dalali na labda 20,000 za kuonyeshwa. Hiyo ni 720,000 kabla ya kirikuu cha mizigo na kitasa kipya, na kitasa badilisha siku ya kwanza.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo kinachokulinda ni maneno ya mkataba. Andikeni tarehe ya kuanza na kuisha, kodi haipandi ndani ya muda uliolipiwa, notisi ni ya mwezi mmoja kwa pande zote mbili, na ukiondolewa mapema miezi iliyobaki inarudishwa. Andikeni pia nani anatengeneza bati, choo na nyaya. Mgogoro ukitokea, anzia serikali ya mtaa. Baraza la kata, tangu 2021, kazi yake katika mambo haya ni kusuluhisha tu, na anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Umesema watu wa kila kabila, na ni kweli. Korido moja inaweza kuwa na Mzaramo, Mngoni, Mhaya, Mpemba na Mkongo. Mkongo akifika atauliza garanti, yaani hela ya dhamana, ni ya miezi mingapi, Mkenya atauliza depositi, na wote watashangaa kuambiwa hakuna, ila lipa nusu mwaka mbele. Mwenye nyumba hana budi kueleza masharti yake waziwazi, nawe uyaulize kabla: mlango wa mbele hufungwa saa ngapi na kila chumba kina funguo yake, pombe inaruhusiwa, mgeni analala siku ngapi, sufuria za uani hutumika kwa pamoja au kila mtu na zake. Nyumba ya Waislamu, kitimoto, yaani nguruwe, usikilete uani. Mwezi wa Ramadhani, masufuria ya daku yataanza kulia saa kumi usiku, na magharibi huenda ukaitwa kwenye futari usiyoichangia. Msiba ukitokea nyumba hiyo au ya jirani, turubai litafunga mtaa na mchango utapita chumba kwa chumba. Toa ulichonacho na ukae mkekani hata nusu saa.

Rudi peke yako saa moja jioni, bila dalali, siku ya kazi. Piga hodi, toa shikamoo kwa mkubwa utakayemkuta, na umuulize mpangaji mwenye miaka mingi pale, mara nyingi ni mama anayepika uani: aliyekuwa chumba hicho alihamia wapi na kwa nini. Kama jiko la mkaa linawaka ndani ya korido na milango imefungwa, ujue moshi na hewa yake ya sumu vinaingia vyumbani. Wewe chukua mtungi wa gesi wa kilo 6 na uuweke karibu na dirisha. Ukishaingia, Jumamosi ya kwanza ulizia zamu ya kupiga deki korido na choo, na uanze nayo wewe.