Mkunga Akisita Kusema ni Mvulana au Msichana

Mtoto akizaliwa, jamaa huuliza jambo moja: mvulana au msichana? Jibu likikosekana, nyumba nzima huanza kuhangaikia jina na maneno ya majirani. Hayo yangoje. Kwanza hakikisheni mtoto hapotezi chumvi.

Sababu mojawapo kubwa ya viungo vya uzazi kutokuwa bayana ni hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo. Hazitoi kortisoli (homoni inayosaidia mwili kuhimili maradhi) ya kutosha, homoni za kiume zinazidi, na mtoto mwenye kromosomu XX, yaani za kike, anazaliwa na kinembe kinachofanana na uume. Katika aina kali, mwili hupoteza chumvi, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto hutapika, hukataa kunyonya, hupungua uzito na kulegea. Akidhaniwa ana maambukizi tu, anaweza kufa. Mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo.

Ombeni apimwe sodiamu, potasiamu na sukari, homoni ya 17-OHP (ambayo huzidi katika hitilafu hii) baada ya saa 48 tangu kuzaliwa, kwani kabla ya hapo huwa juu hata kwa mtoto mwenye afya, ultrasaundi ya kutafuta mji wa mimba, na kromosomu. Hata aliyeandikwa mvulana, mwenye uume wa kawaida, apimwe ikiwa hakuna korodani hata moja inayoshikika. Wengi huambiwa "zitashuka" na kurudishwa nyumbani. Akianzishiwa haidrokotisoni, dawa ya kufidia kortisoli, isikatishwe ghafla, na mwulizeni daktari mapema dozi iongezwe kiasi gani akipata homa.

Upasuaji wa kurekebisha sura si dharura, mradi mkojo unatoka vizuri. Kilichokatwa hakirudi, hisia zinaweza kupotea, na mtoto anaweza kukua akajijua kuwa kinyume cha mlivyomchagulia. Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu mahuntha (watu wenye maumbile ya jinsi yasiyo wazi kuwa ya kike au ya kiume) 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto huntha na haki yake ya kuheshimiwa. Kwa hiyo mna haki ya kuwakataza wanafunzi wa udaktari kujaa kitandani kumtazama au kumpiga picha.

Mpeni jina linalofaa kotekote, kama Amani au Baraka. Wageni waambieni, "Mtoto anaendelea vizuri, bado anapimwa," na wanaombadilisha nepi wawe wachache. Nchini Kenya, usajili wa kuzaliwa ufanyeni kabla ya miezi 6 kwisha. Baada ya hapo huhesabiwa wa kuchelewa, na karatasi zinazodaiwa huongezeka.