Pakiti zikichanganywa njiani, faili si litaharibika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea kompyuta. Nimeelewa kwamba kwenye mitandao ya maudhui tunaomba data kwa jina lake, si kwa anwani ya seva, na ruta yoyote, yaani kifaa cha kupitisha data, yenye nakala hujibu. Sasa naambiwa data hufika vizuri zaidi ruta zikichanganya pakiti, yaani vipande vya data, njiani. Si zitaharibika?

JIBU: Marahaba. Haziharibiki, mwanangu, mradi mpokeaji ajue zimechanganywaje. Chukua pakiti mbili, 1011 na 0110, uzipange juu na chini. Biti, yaani kila 0 au 1, zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1: unapata 1101. Rudia hesabu hiyo kwa 1101 na 1011, na 0110 inarudi nzima. Hebu shika kalamu uone.

Wazo hilo la kuchanganya lilichapishwa na Ahlswede, Cai, Li na Yeung mwaka 2000. Mitandao ya maudhui nayo ilielezwa na Van Jacobson na wenzake mwaka 2009, kwa kanuni kwamba ombi moja huleta pakiti moja. Hapo ndipo uchanganyaji unapofaa. Tuseme faili lina vipande vinne na ruta mbili zinalo zima. Bila kuchanganya, lazima upange nani aombwe kipande kipi. Kipande cha tatu kikipotea, hakuna kingine cha kuziba pengo lake. Ukichanganya, unaomba mchanganyiko wowote. Ruta huzidisha kila kipande kwa namba ya kubahatisha, hujumlisha, kisha huandika namba hizo kwenye kichwa cha pakiti, yaani sehemu yake ya mwanzo. Ikifika michanganyiko minne isiyotegemeana, yaani hakuna unaopatikana kwa kuhesabu kutoka mingine, toka popote, unafumbua milinganyo yako. Namba zikitoka kwenye seti ya 256, minne ya kwanza hutosha kwa uwezekano unaozidi asilimia 99. Mimi huo uhuru wa kutojali kipi kimetoka wapi naupenda mno.

Kinachonikosesha raha ni saini. Kila pakiti hutiwa saini ya kidijitali na mwenye maudhui, kuthibitisha kwamba ni yake na haijabadilishwa. Ruta ikichanganya, saini haioani tena, na pakiti moja ya uongo huchafua kila inachochanganywa nacho. Zipo saini zinazovumilia hesabu hizi, lakini zinaelemea ruta. Kama unaandaa mradi, anza kwa kuchanganya kwenye chanzo pekee na kutia saini hapohapo, ruta zihifadhi na kupitisha tu. Pia ombi litaje michanganyiko ambayo mpokeaji anayo tayari, la sivyo ruta itamrudishia uleule.