Uliza Mzee wa Santuri: Nani mwenye Rocket 88?

Wiki hii barua nyingi zimekuja za muziki wa zamani wa Marekani, na nne kati yake zinahusu wimbo mmoja, Rocket 88, nikaona nizijibu pamoja. Mliouliza habari za santuri msijali, zamu yenu ipo.

Shikamoo mzee wetu. Hapa kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. Mi nasema rock and roll kaanzisha Elvis. Kuna jamaa fundi pikipiki anasema hapana, kuna wimbo unaitwa Rocket 88 ulitoka kabla Elvis hajajua studio inafananaje, na waliopiga ni weusi watupu. Tumewekeana soda. Nani kashinda? Msomaji, Morogoro.

Marahaba mwanangu. Mnunulie fundi soda yake, tena iwe ya baridi.

Rocket 88 ulirekodiwa Machi 1951 mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Elvis alikuja kurekodi That's All Right Julai 1954, miaka mitatu na zaidi baadae, na utamu wa hii hadithi ni kwamba ilikua chumba kilekile, 706 Union Avenue, na aliyekaa kwenye mitambo ni mtu yuleyule, mwenye studio, Sam Phillips. Na hata huo wimbo wa Elvis haukua wake, aliurekodi kwanza mtu wa blues, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, anaitwa Arthur Crudup mwaka 1946. Kwaio soda mbili kabisa ukitaka kuwa muungwana.

Sasa hao vijana. Walitoka Clarksdale, Mississippi, bendi yao ikiitwa Kings of Rhythm, na kiongozi wao alikua mpiga piano wa miaka 19 anaitwa Ike Turner. Ndio, huyohuyo Ike aliyekuja kuwa mume wa mwimbaji Tina Turner, ila wakati huo Tina alikua bado mtoto wa miaka 11 huko kwao, na mateso aliyokuja kumfanyia tunayajua, leo sio siku yake. Mpiga gitaa wa blues B.B. King ndo aliyewaelekeza kwamba Memphis kuna mzungu mmoja kafungua studio ndogo anarekodi weusi bila dharau, nendeni. Wakajipakia kwenye gari, watu na vyombo, wakashika barabara ya Highway 61 kama kilomita 120 hivi kwenda kaskazini, na ukishawahi kusafiri na bendi unajua ile hali, ngoma juu, mtu chini, saksafoni mapajani.

Njiani ndo kikatokea kile kitu. Amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti, ya mpiga gitaa wao Willie Kizart ikaumia. Hapa wasimuliaji hawapatani, wengine wanasema ilianguka kutoka juu ya gari, wengine wanasema walipata pancha mvua inanyesha, wakati wanatoa tairi ya spea ikadondoka au ikaingia maji, kila mtu na lake. Kilichopo ni kwamba walipofika studio na kuchomeka gitaa, spika ikawa inakoroma kama mzee mwenye mafua. Fundi mwingine angewaambia rudini nyumbani mkatengeneze. Phillips akachukua makaratasi akayashindilia kwenye spika ile koni, yaani karatasi yake inayotikisika, isicheze ovyo, akasikiliza, akaipenda ile sauti chafu, afu badala ya kuificha nyuma akaisogeza mbele. Ukiusikiliza leo, ule mkoromo unaotembea chini ya wimbo mwanzo mpaka mwisho ni gitaa, mi mara ya kwanza niliusikia kwenye kaseti ya kukopiwa nikadhani ni kaseti yenyewe imeharibika, nkaenda kumlaumu aliyenikopia bure.

Je ni wa kwanza? Hapa fundi pikipiki asijitape sana. Phillips maisha yake yote alishikilia kwamba huo ndo wimbo wa kwanza wa rock and roll. Ike aliyeupiga alikataa, akasema ule ni rhythm and blues, muziki wa kuchezeka wa weusi wa wakati huo, ila akakubali kwamba rock and roll ilizaliwa kwa sababu yake. Na kabla yake kuna Roy Brown na Good Rockin' Tonight mwaka 1947, ambao Wynonie Harris akaupaisha zaidi mwaka uliofuata, kuna Fats Domino na The Fat Man aliourekodi Desemba 1949 kule New Orleans, na kuna mama mmoja, Sister Rosetta Tharpe, alikua anapiga gitaa la umeme kwenye nyimbo za kanisa miaka ya arobaini kwa namna ambayo ukizima sauti ya dini unabaki na rock tupu. Kuuliza wa kwanza ni yupi ni kama kuuliza ugali wa kwanza alisonga nani. Mi ninachosema ni kwamba Rocket 88 ndo sufuria ambayo viungo vyote vilikutana, piano ya boogie yenye besi ya haraka inayojirudia, saksafoni inayopiga kelele, maneno ya gari na ulevi na wasichana, na hilo gitaa chafu. Ukinishikia kisu shingoni ntautaja huo.

Asalaam aleikum ami. Wimbo nimeutafuta nimeupata, lakini mbona pameandikwa Jackie Brenston and his Delta Cats? Jina la Ike silioni. Hao Delta Cats ni kina nani tena, na Ike alikwenda wapi? Msomaji wako wa Kisauni, Mombasa.

Waaleikum salaam bintiyangu. Hilo swali lako ndo lenyewe, na ndo lililomuuma Ike mpaka anaingia kaburini mwaka 2007.

Siku ile hakukua na bendi inayoitwa Delta Cats. Hakuna bendi iliyokaa ikafanya mazoezi kwa jina hilo kabla ya wimbo kutoka. Jackie Brenston alikua mpiga saksafoni kwenye bendi ya Ike, kijana wa Clarksdale naye, na siku ile ndo aliyeimba. Nyimbo zilizorekodiwa siku ile Phillips akazipeleka Chicago kwa ndugu wawili, Leonard na Phil Chess, wenye kampuni ya santuri ya Chess, na huu ulipotoka ukatoka kwa jina la mwimbaji, na bendi ikabatizwa jina la kubuni. Kilichomchoma zaidi Ike ni kwamba siku hiyohiyo yeye nae aliimba nyimbo zake mbili, zikatoka kwa jina lake, na zikapita kama upepo hamna aliyezishika. Wa Jackie ukapanda. Juni 1951 ulikua namba 1 kwenye orodha ya rhythm and blues ya gazeti la Billboard.

Waliofuata muziki wa dansi huku kwetu hilo hawalishangai. Ngapi mmeziona, mwenye bendi anajulikana mjini kote, mtunzi hajulikani, mwimbaji ndo anayetuzwa noti usoni, na mpiga besi anarudi nyumbani kwa miguu? Hapa tofauti ni kwamba mwenye bendi ndo aliyerudi kwa miguu. Ike alisimulia kwamba kwa ule wimbo alipata dola 20. Jackie aliuza haki zake zote kwa dola 910, ambazo kwa kijana wa Mississippi mwaka 1951 zilikua hela ya kupoteza usingizi, ila kwa wimbo uliokaa namba 1 ni bei ya karanga.

Afu jina likampanda kichwani. Akaachana na Ike, akaenda kuongoza bendi yake mwenyewe, nyimbo zilizofuata hazikushika, pombe ikaingia. Na unajua alikoishia? Katikati ya miaka ya hamsini alirudi kwa Ike, akapiga saksafoni kwenye bendi ya mtu aliyemwacha, kama mwajiriwa tu, na inasemekana Ike hakumruhusu hata kuuimba wimbo wake. Alifariki Memphis mwaka 1979. Mi nikifika hapo huwa nashindwa kumchukia Jackie na nashindwa kumhurumia Ike, labda we utaweza.

Ila tusidanganyane, hata hao wawili wasingeweza kuapa kwamba wimbo ni wao. Jackie mwenyewe alikiri kwamba hakutunga kitu kipya sana, alichukua Cadillac Boogie wa Jimmy Liggins, wa mwaka 1947, akatoa Cadillac akaweka gari jingine. Na kulikua na mpiga piano mkubwa, Pete Johnson, alishatoa Rocket 88 Boogie mwaka 1949, kwaio hata jina lilikua linazunguka mitaani. Afu gurudumu likaendelea kuzunguka: mwaka 1958 Little Richard akatoa Good Golly Miss Molly, sikiliza ile piano ya mwanzo, ni ya Ike, na Little Richard hakuficha kwamba alikoitoa ni huko. Aliyekopa akakopwa.

Na saksafoni ile inayolia katikati mpaka inataka kupasuka, hiyo sio ya Jackie, ni ya Raymond Hill, kijana mwingine wa bendi. Huyo baadae ndo akaja kuwa baba wa mtoto wa kwanza wa Tina. Dunia yao ilikua ndogo.

Mwaka huohuo 1951 kuna mzungu mmoja wa Pennsylvania alikua na bendi ya nyimbo za kikauboi, Saddlemen, nae akaurekodi. Jina lake Bill Haley. Miaka minne baadae, 1955, Rock Around the Clock yake ikawa namba 1 Marekani nzima na watu wakasema ooh, muziki mpya umezaliwa. Mpya kwa nani? Hapo ndo mzozo wa Morogoro ulipotokea, mtu anahesabu kuanzia siku alipofungua redio yake.

Phillips nae alichojifunza ni kwamba kama anaweza kutengeneza namba 1 ndani ya kichumba kile, kwanini awapelekee watu wa Chicago wale nyama yeye abaki na mfupa. Mwaka 1952 akaanzisha lebo yake ya kutoa santuri, Sun. Mlango uliokuja kufunguliwa na Elvis, Johnny Cash na Jerry Lee Lewis ulisukumwa kwanza na vijana wa Clarksdale.

Kaka mambo. Mi napiga gitaa bendi ya vijana hapa Dodoma. Nimesoma kwamba waliweka magazeti kwenye spika ndo sauti ikawa kali. Na mimi nikijaza magazeti kwenye amplifaya ntaipata? Au niichane kidogo? Spika yenyewe ni ya bendi. Dogo.

Poa dogo. Spika ya bendi? Rudia kusoma ulichoandika polepole.

Ntakueleza kinachotokea ili uache. Spika ina koni ya karatasi, nyuma yake kuna koili inayocheza ndani ya sumaku, umeme wa gitaa ukija koili inasukuma koni mbele na nyuma, hewa inatikisika, unasikia. Koni nzima inatikisika kwa mpangilio, sauti inatoka safi. Ikichanika, kingo zake zinapigana zenyewe, lile wimbi la sauti halifiki mwisho wake, linakatwakatwa, na kila linapokatwa zinazaliwa sauti nyingine za juu ambazo hukuzipiga. Huo ndo mkoromo. Karatasi alizoweka Phillips zilikua za kuishikilia koni, na zenyewe zikawa zinatetemeka pamoja nayo. Umewahi kuweka karatasi kwenye kitana ukapuliza ukiwa mtoto? Basi ni hiyo. Na we wa Dodoma ilitakiwa ujue kabla yangu, waangalie wazee wa Kigogo na ilimba zao, zile ala za vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zile chuma wanazipachika vipete vya bati makusudi zilie nzzz, sauti tupu bila mvumo huo kwao haijakamilika.

Wapo waliofuata njia ya kuchana. Dave Davies wa bendi ya Kinks kule Uingereza alikata koni ya spika yake kwa wembe, ndo ile sauti ya You Really Got Me ya mwaka 1964. Lakini ilikua kiamplifaya chake kidogo, sio mali ya bendi! Na hata kufika hapo watu walishaanza kutafuta njia bila kuharibu: kule Nashville, Marekani, mtambo wa studio uliharibika wakati wanarekodi wimbo wa mwimbaji Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, gitaa la besi likatoka linanguruma, wakaliacha hivyohivyo, na mwaka 1962 ikawa inauzwa pedo, kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, ya kutengeneza huo mngurumo, Maestro Fuzz-Tone. Hiyo ndo iliyosikika kwenye Satisfaction ya Rolling Stones mwaka 1965.

Kwaio tafuta pedo ya faz, hata ya mkono wa pili. Na kama amplifaya yenu ni zile za kizamani za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka, makaratasi karibu na valvu za moto ni kibiriti, utanitafuta ukumbi umeungua. Ukiona huwezi kuvumilia kabisa, nenda kwa fundi redio muombe spika mbovu aliyoitupa nyuma ya duka, ifunge kwenye kasha lake peke yake, uharibu unavyotaka. Afu usipige nyuzi zote sita kwa mara moja, Kizart alikua anapiga noti mojamoja, anatembea na besi. Ukipiga kodi nzima, yaani noti nyingi pamoja, kwenye spika iliyochanika unapata uji.

Swali fupi: hiyo Rocket 88 yenyewe ni nini, roketi? Msomaji, Bukoba.

Gari. Oldsmobile 88, ilitoka 1949, injini yake ya V8 ndo iliitwa Rocket, nguvu za farasi 135 ndani ya bodi nyepesi, kwa wakati ule ilikua inakimbia mpaka ikawa inashinda mashindano ya magari. General Motors waliifunga Oldsmobile mwaka 2004, hamna mpya tena. Ukiona ya zamani Bukoba nipigie picha.