Macho ya inzi wa kuvulia: kwa nini yanazunguka, kwa nini yanabanduka, na namna ya kuyatengeneza mwenyewe

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: macho ya risasi (vidonge viwili vya madini ya risasi vilivyoungwa kwa kiuno chembamba) yanazunguka kwenye ndoano ya inzi, yaani chambo bandia cha uzi na manyoya; stika za macho zinabanduka baada ya samaki wa pili, na je, kuna ulazima wa kuagiza macho nje. Umesema unarusha kwenye miamba kwa fimbo nambari 8 (nambari ni ya uzito wa mshipi inaorusha), unatafuta kolekole wadogo. Naanza na ambalo hukuuliza, uzito, kwa sababu ndio unaoamua hayo mengine.

Jicho la inzi ni chubwi kwanza, urembo baadaye. Bob Clouser wa Pennsylvania alilionyesha hilo miaka ya 1980 alipofunga macho ya risasi juu ya shina la ndoano, upande wa pili wa ncha. Uzito unashuka chini, ndoano inageuka, ncha inatazama juu na hainasi mwamba ovyo. Ukiyafunga upande wa ncha, inzi hageuki, na kila mrusho utakuwa unakwangua matumbawe.

Maji ya magotini yanatosha mnyororo wa shanga wa mm 3.2. Mita moja hadi tatu, risasi ya gramu 0.6 au 0.9. Fimbo yako inabeba 0.9 bila shida. Gramu 1.2 inarushika, ila panua kitanzi cha mshipi hewani, la sivyo jicho litaigonga fimbo. Fimbo ya kaboni ikigongwa haivunjiki palepale. Inapata ufa usiouona, halafu inakatika siku umenasa samaki wa maana. Brasi ya ukubwa uleule ina uzito wa kama robo tatu ya risasi, kwa hiyo ukiitumia panda saizi moja. Kwa inzi wa juu juu wa kuiga dagaa au samaki simu usiweke chuma kabisa, stika inatosha.

Sasa kuzunguka. Sababu karibu kila mara ni kwamba umefunga uzi kwa umbo la nane (8) peke yake. Nane hushika macho yasichomoke, lakini haiyazuii kupinda. Fanya hivi: bana ndoano kwenye jiliwa, tandika uzi kwenye shina zima, usiache chuma kitupu hata kidogo. Theluthi moja ya shina kutoka kwenye tundu, jenga vituta viwili vya uzi vyenye nafasi ya kiuno cha macho katikati. Laza macho hapo, piga mizunguko kumi ya mshazari upande mmoja. Macho yatapinda; usihangaike. Piga kumi ya mshazari wa pili mpaka yanyooke. Halafu ndiyo hatua wengi wanayoiruka: zungusha uzi kwa mlalo, chini ya macho na juu ya shina, kama unavyofunga shingo ya gunia, mara sita hadi nane, ukivuta kila mara. Mizunguko hii inabana ile ya mshazari yote kwa pamoja. Malizia na tone moja la supagluu linywewe na uzi. Gundi ikiwekwa juu ya uzi uliolegea haisaidii kitu, inagandisha ulegevu tu. Uzi uwe wa denia (kipimo cha unene wa uzi) 140 kwa macho madogo, 210 kwa makubwa. Ukiyasukuma macho kwa kidole gumba na bado yakatikisika, kata uanze upya, usiendelee na manyoya.

Stika. Ile gundi ya nyuma yake ni ya kukusaidia kuipanga tu, haikukusudiwa kushindana na meno ya mzia. Tena ukiibandika juu ya manyoya makavu, chini yake kuna hewa. Manyoya yanapojipinda maji yanaingia na ukingo unanyanyuka. Bana kichwa cha inzi kiwe bapa, kipake gundi nyembamba ya kukaushwa kwa taa au Araldite (gundi ya kuchanganya mbili) ya dakika tano, kikauke. Hapo una ukuta. Bandika jicho, kisha funika lote, ukipitisha mm 1 nje ya ukingo. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene, kwa sababu mnene unachuruzika kuelekea chini na jicho moja linabaki na kitambi. Zungusha inzi mpaka igande. Araldite itageuka njano juani baada ya muda. Jeli ya kucha ya saluni, ile ya kukaushwa kwa taa, inakaa angavu zaidi, ila uso wake unabaki na unato, uufute kwa spiriti. Na supagluu usiitumie kamwe karibu na jicho angavu: mvuke wake huacha ukungu mweupe, samaki anaonekana ana mtoto wa jicho.

Kuagiza nje? Kwa stika, hapana. Chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ibandike juu ya selotepu ya pande mbili, utoboe kwa koleo la fundi viatu, lile la kuzungusha lenye matundu ya mm 2 hadi 4.5. Chini weka ubao mgumu, ukiweka laini ukingo unatoka na mawimbi. Mboni iwe nusu ya upana wa jicho. Ichovye kwa kichwa cha pini na rangi ya kucha nyeusi, ikae usiku kucha, ndipo udondoshee jeli juu. Maka peni usijaribu, wino wake unavuja ndani ya jeli na mboni inakuwa wingu.

Mnyororo wa shanga upo kwenye vizibo vya sinki na mapazia ya ofisi. Nenda na sumaku: ukinasa kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa nikeli, chumvi itakimaliza. Kata shanga mbilimbili, kisha sugua kwa msasa kile kijimeno cha kiungo kilichobaki, maana ndicho kinachokata uzi.

Kwa inzi wa kuiga kamba wa baharini, macho ni ya nailoni ya mshipi. Kipande cha mm 20 cha nailoni ya mm 1, kishike katikati kwa koleo, sogeza ncha pembeni mwa moto, usiiingize ndani, huku unaizungusha ikitazama juu kidogo. Kidonge cha mm 2 kinakula kama mm 5 za nailoni kila upande, kwa hiyo kinachobaki ni shina la karibu mm 10. Ikiwaka, puliza mara moja. Ikiungua sana inajaa mapovu na kuwa mwepesi wa kuvunjika. Usiiguse, inanata kwenye ngozi. Fluorokaboni iache, haifanyi kidonge kizuri na moshi wake una sumu. Chovya vidonge kwenye rangi nyeusi, ning'iniza kwa kibanio cha nguo. Kunja shina liwe kama herufi V, ulifunge upande wa pinde la ndoano, si wa tundu, kwa sababu kamba akishtuka hukimbia kinyumenyume.